Picha ya mbege ni alama 3 tu kati ya 50

Leo naongelea kuonja mzigo kabla ya kuupost. Mimi nina grosari ndogo upande wa Mchikichini, nauza bia za chupa, na wikiendi naleta mbege. Wale msiotumia kilevi msinipite, ukiuza juisi ya tangawizi au maziwa mgando kazi ni ileile.

Huko Marekani watu wanaopika bia majumbani wana mashindano, na majaji wao wana fomu ya alama 50. Ladha inabeba 20, harufu 12, kinywaji kinavyokaa mdomoni 5, maoni ya jumla 10. Muonekano, yaani rangi na povu, alama 3. Tatu! Sasa tuangalie sisi wa mtandaoni. Tunapiga picha kali, tunaandika "mzigo umeingia, tamu balaa", basi. Tumeuza zile 3, zile 47 mteja atajijua mwenyewe. Na mteja wa Kariakoo aliyekulia Rombo au Machame humwambii "tamu" akaelewa. Anataka kujua ni changa au imeshakomaa.

Kwa asiyeijua: ndizi mbivu zinachemshwa masaa mengi mpaka zibadilike rangi, zinaachwa siku kadhaa zichache, zinachujwa. Pembeni unapikwa uji wa kimea cha ulezi, Wachaga wanauita mso. Vikishachanganywa vinaendelea kuchacha. Uchungu unatoka kwenye magome ya mti wa msesewe. Kwa hiyo kuna vitu vitatu vya kutafuta mdomoni: utamu wa ndizi, uchachu, halafu uchungu, ambao unakuja mwishoni kabisa, nyuma ya ulimi.

Ndiyo maana usionje ukiwa umetoka kula chipsi za pilipili au kuvuta sigara. Mimi naonja asubuhi, nimesukutua kwa maji matupu. Natumia glasi ya kioo, siyo kikombe cha plastiki, plastiki ina harufu yake. Kwanza naangalia: vipovu vidogo vinapanda? Basi iko hai. Ulezi kutuama chini siyo ubovu, unakoroga tu. Ila nikikuta utando mweupe juu, siendelei.

Halafu nanusa, na hapa ndiyo watu wengi wanaruka. Mbege nzuri inanukia ndizi iliyoiva sana na uji uliochacha. Ikinukia siki, muda wake umepita. Ikinukia kama rangi ya kucha, uchachushaji ulienda vibaya. Ikinukia mafuta ya kula, tatizo siyo mpishi, ni dumu. Nusa dumu lenyewe likiwa tupu, kabla hata hujaagiza.

Kwenye kuonja, funda dogo, lizungushe mdomoni, kisha meza. Ukitema unaukosa ule uchungu wa msesewe. Mafunda mawili yanatosha, hii ni kazi siyo starehe (ingawa Jumamosi inashawishi).

Sasa kitu kikubwa kuliko vyote: mbege uliyoonja saa mbili asubuhi siyo atakayokunywa mteja saa moja usiku. Joto la Dar linaisukuma. Kwa hiyo naweka chupa moja pembeni, siyo kwenye friji, naionja tena mchana na jioni, naandika kwenye daftari. Baada ya wiki chache nilijua mzigo wa mama gani unafika jioni ukiwa bado mtamu na wa nani unageuka mapema. Siku hizi namuuliza moja kwa moja, "Shikamoo mama, hii umechanganya lini, jana au leo?" Jibu lake nalilinganisha na ulimi. Visipokubaliana, silipi.

Habari ya daftari siyo yangu peke yangu. Inasimuliwa kuwa jina la Chibuku lilitokana na kitabu: mpishi mmoja kule Zambia, miaka ya 1950, alikuwa anaandika kila pombe aliyopika imetokaje.

Bia za chupa nazo zionje. Ionje ya moto, siyo ya baridi, maana barafu inaua ulimi na kasoro zinajificha. Ikiwa na ladha ya boksi lililolowa, imezeeka. Chupa ya kijani au nyeupe ikipigwa jua inatoa harufu mbaya ndani ya muda mfupi, chupa ya kahawia inavumilia zaidi. Kwa hiyo ile tabia ya kupanga kreti nje ili duka lionekane limejaa, mimi siipendi.

Gongo usionje kabisa. Ni haramu kisheria, halafu methano haina ladha ya kukuonya. Mwaka 2014 Kenya ilizika makumi ya watu kwa pombe yenye methano, na wanywaji wake nao walikuwa na ndimi.

Leseni ya vileo ni lazima, na chini ya miaka 18 huuzi. Sera za biashara za WhatsApp na Facebook haziruhusu pombe kwenye katalogi, kwa hiyo mimi naandika maelezo tu, mauzo yanafanyika dukani. Mbege usiijaze chupa mpaka juu na kuikaza kifuniko, gesi itaipasua mikononi mwa bodaboda.

Maelezo yangu ya Jumamosi iliyopita yalikuwa hivi: "Imechanganywa jana jioni. Asubuhi ndizi inasikika sana, uchachu kidogo. Kuanzia saa kumi itakuwa kali, msesewe unabaki kooni. Anayependa changa awahi kabla ya saa sita." Dumu la kwanza liliisha saa tano, na waliokuja jioni hakuna aliyeniuliza mbona imechachuka.