Mafuta ya Kuzuia Jua: Nani Apakae Kwanza?

Wafanyakazi na mama wa nyumba, sisi wa Katanga tunaishi juu: Lubumbashi inapita metre 1.200 juu ya bahari, Kolwezi inapita 1.400. Kwa hiyo jua letu lina nguvu hata mwezi wa sita, wakati kila mtu anavaa triko na kulalamika baridi. Joto ni jambo moja. Mishale inayoharibu ngozi ni jambo lingine.

Mishale hiyo, inayoitwa UV, haionekani kwa macho. UVB inachoma ngozi ya juu. UVA inaingia ndani zaidi, tena inapita katika kioo: dreva wa kamyo akifunga dirisha la pembeni, mkono wake bado unapigwa.

Mafuta ya kuzuia jua yanawekwa dawa za kunasa mishale hiyo. Moja iliyo nzuri sana inaitwa bemotrizinoli, ambayo Ulaya inaitumia tangu mwaka 2000. Inanasa UVA na UVB pamoja, inageuza nguvu yao kuwa joto kidogo sana, kisha inarudi hali yake na kunasa tena. Avobenzoni, dawa ya zamani zaidi, ikiwa peke yake inaharibika upesi juani. Kwenye tube jina la bemotrizinoli ni refu: bis-ethylhexyloxyphenol methoxyphenyl triazine. Mtafute neno la mwisho hilo, triazine, pamoja na yale yanayolitangulia.

Sasa, nani apakae? Mtoto albino kwanza. Ngozi yake haina rangi ya kumkinga, na kansa ya ngozi inaweza kumpata angali kijana. Uso na shingo vinahitaji kijiko kimoja cha chai, na akikaa nje apakae tena kila saa mbili. Hesabuni: tube ya mililita 50 ni vijiko kumi tu! Ndiyo sababu kofia pana, mikono mirefu na kivuli cha mwembe vinatangulia. Mafuta ni ya sehemu inayobaki wazi. Baba dreva asichukue tube ya mtoto. Shati la mikono mirefu linamtosha.

Nanyi mnaojipakaa mafuta ya kung'arisha ngozi (si mama peke yao, tusifichane), yale yenye idrokinoni yanapunguza rangi ile ile inayowakinga. Kuyaacha ni bora kuliko kununua tube ya pili.

Wanaounganisha vyuma kwa umeme wasidanganyike: moto wa kazi yao unatoa UV kali sana. Kinga yao ni kinyago, glavu za ngozi na nguo nzito, siyo mafuta.

Mkinunua, tazameni tarehe. Na ile tube iliyokaa juani juu ya meza ya soko tangu asubuhi, iacheni hapo hapo.