Mwanafunzi Mtafiti Akiishiwa Nauli, Hasara ni ya Mkulima

Wakulima wengi wa Machakos, Makueni na Kitui wamekwisha kuwaona vijana wa vyuo vikuu wakipita mashambani na daftari, kamba za kupimia na mifuko ya udongo. Wengine huuliza: vijana hawa wanatafuta nini, na ni nani awalipaye? Maswali haya ni mema, na yafaa yajibiwe waziwazi, maana majibu yake yanahusu chakula chetu.

Kijana wa namna hii amekwisha kupata shahada ya kwanza, na sasa anasomea ya pili au ya tatu. Kazi yake ni kutafuta njia ambazo mkulima aweza kuzitumia ili kuhimili mabadiliko ya tabianchi, yaani mvua zisizofuata desturi na joto linalozidi. Akiwa na basari, mara nyingi hiyo hulipa karo na pengine malazi ya chuoni. Lakini shamba analolichunguza haliko chuoni. Hapo ndipo zinapohitajiwa fedha za nyongeza. Fedha hizi si mshahara. Ni za nauli, za kununua kipima mvua, za kupimisha udongo katika maabara, na za kumlipa mtu wa kijijini amsaidiaye kupima na kutafsiri lugha.

Asiyekuwa na fedha hizo hufanya mambo mawili. Kwanza, huchagua mashamba yaliyo karibu na barabara kuu, na wakulima wa mbali hawaulizwi neno. Pili, hupima msimu mmoja tu, kisha huenda zake kuandika.

MSIMU MMOJA HAUTOSHI

Tukumbuke miaka iliyopita. Tangu mvua za vuli za mwaka 2020 mpaka zile za mwaka 2022, misimu 5 ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za mashariki na kaskazini ya Kenya. Kisha mvua za vuli za mwaka 2023 zikaja kwa nguvu, hata zikaleta mafuriko.

Sasa tuseme mwanafunzi mmoja alilinganisha shamba lenye matuta ya fanya juu na shamba lisilo na matuta katika vuli ya mwaka 2022 peke yake. Huenda angeandika kwamba matuta hayana faida, kwa sababu maji ya kukingwa yalikuwa haba. Mwenzake aliyepima mwaka 2023 peke yake huenda angeandika kwamba shida yetu ni maji kuzidi. Kila mmoja angesema kweli ya msimu wake, na mkulima awafuataye angepotezwa na wote wawili.

Mahindi ya Katumani ni mfano mwema. Mbegu hii ilitengenezwa katika kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, ikaenea kwa wakulima katika miaka ya 1960. Nguvu yake ni kukomaa mapema, kabla mvua haijakatika. Neno kama hilo halijulikani kwa kupanda mara moja. Hujulikana kwa kupanda, kupima, kuchagua na kupanda tena, msimu baada ya msimu.

FEDHA ZIMETOKA WAPI

Mwaka 2006 shirika la utafiti la Canada liitwalo IDRC, pamoja na idara ya misaada ya Uingereza ya wakati ule, DFID, walianzisha mpango wa utafiti wa kuhimili tabianchi katika Afrika. Mpango huo ulikwisha mwaka 2012. Kwa fedha zake watafiti wa Afrika, na wanafunzi wa shahada ya tatu kati yao, walisaidiwa katika kazi zao.

Kadhalika, mwaka 2004 vyuo vikuu 10 vya Afrika ya Mashariki na Kusini viliunda umoja uitwao RUFORUM, ambao makao yake yako Makerere, Uganda. Leo wanachama wake wamepita 100. Katika misaada yake, mwalimu wa chuo hupewa fedha kwa sharti kwamba awafundishe kazi wanafunzi wa shahada ya pili, nao wafanye utafiti pamoja na wakulima.

Hapa Kenya, sheria ya sayansi ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti. Sheria iliandika kwamba Hazina ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, lakini fedha zilizotolewa miaka iliyofuata zilikuwa chini sana ya kiasi hicho.

Tena kuna jambo la wakati. Mvua za vuli huanza Oktoba, nazo hazimngojei mhasibu. Fedha zikifika Desemba, msimu umekwisha kumpita mwanafunzi. Kwa hiyo mwenye kuomba na aombe mapema, aandike hesabu ya misimu miwili, na asisahau gharama ya kurudi kijijini kueleza alichokiona.

KAZI YA MKULIMA

Mwanafunzi akija kwako, yakupasa kufanya haya:

1. Mwombe akuonyeshe kibali cha utafiti kitolewacho na NACOSTI, na umwulize kama amekwisha kujulisha ofisi ya kilimo.

2. Mwulize atapima misimu mingapi. Akisema mmoja, mwulize sababu.

3. Mweleze ukweli, hata kama mavuno yako yalikuwa haba. Hesabu ya kujisifu hupoteza watu wengi.

4. Andika mwenyewe siku za mvua katika daftari. Nauli ikimwishia, daftari lako laweza kuokoa kazi yake.

5. Patana naye kwamba majibu yatasomwa barazani, kwa lugha mnayoielewa.

Wazee husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi huyu amekuja akiwa na jembe lake, nalo ni kupima. Wenye kutoa fedha wakimwezesha kubaki mpaka msimu wa pili, nasi tukimpa ukweli wa mashamba yetu, tutapata shauri linalofaa mwaka wa ukame na mwaka wa mafuriko pia.