ADUI ALIYE NDANI YA UA

Askari hulinda mpaka. Lakini yuko adui asiyepitia mpakani. Katika mtaa kama Jabe, mjini Bujumbura, palipo na familia kadhaa katika ua mmoja zikitumia choo kimoja, adui huyo ni uchafu.

Mashambulizi yake ya wazi twayajua: Januari 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu. Ya siri ndiyo yanayodumu. Mtoto anayeharisha mara kwa mara, tena chakula hakitoshi, hudumaa. Uchunguzi wa taifa wa 2016-2017 ulionyesha kuwa, nchini Burundi, watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Binti aliyedumaa, akija kuwa mama, yumo hatarini kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Watu husema ndivyo ukoo wao ulivyo. Mara nyingi, ndivyo ua wao ulivyo.

Ndugu askari na polisi, tusiwaachie waganga peke yao kazi hii. Tufunike choo, tuchemshe maji, tuzibue mfereji kabla ya masika. Tunawalinda hata wajukuu ambao hawajazaliwa, na lindo hilo halina likizo.