Betri ya Trela Ikichoka: Siku Mbili Kamere

Likizo ikikaribia, baadhi ya aila zetu za pwani hufunga safari kwenda bara kutafuta baridi, na wapo ambao siku hizi huvuta trela la kulala nyuma ya gari. Ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, taa na friji ndogo. Taa na friji hutegemea betri moja iliyofungiwa kisandukuni, na betri hiyo hukumbukwa siku inapokataa kazi.

Kambi yetu ilikuwa kando ya Ziwa Naivasha, mwendo mfupi kutoka Kamere, kituo kilicho kwenye barabara ya Moi South Lake wanakoishi wavuvi na wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi huuma. Baridi hupunguza uwezo wa betri. Ile iliyochoka ambayo Mombasa ingejikongoja kwa miezi kadhaa, huku hulala usiku mmoja tu. Ajabu ni kwamba vilima vya Olkaria, ambako mvuke wa ardhini huzalisha umeme wa taifa tangu 1981, viko nyuma tu ya Kamere, nasi tulikuwa gizani.

Giza lile halikuwa la mzaha. Viboko hutoka ziwani usiku kuja kula majani, na anayekwenda msalani bila taa huhatarisha maisha yake. Tena friji ilikuwa na insulini ya Bibi. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Iliyokwisha kuanza kutumika, aina nyingi huvumilia joto la kawaida la chumba kwa muda wa wiki 4 hivi. Bibi hakutaharuki. "Kabla ya friji tulikuwa na mitungi," alisema, akaagiza vichupa vitiwe mfukoni, vifungwe kitambaa, viwekwe ndani ya mtungi wake mdogo ambao hasafiri bila huo, na mtungi wenyewe uvishwe kitambaa chenye maji, kivulini, penye upepo. Hewa kavu ya bondeni iliufanya mtungi ule kuwa baridi kuliko tulivyozoea kwetu. Haufikii friji, lakini ni sitara ya siku moja. Barafu tuliiepuka, kwa maana insulini ikiganda haifai tena.

Asubuhi tulimwita fundi wa umeme wa magari kutoka Kamere, kijana mpole. "Habari ya asubuhi, shosho?" alimsalimu Bibi, naye Bibi akacheka kwa kuitwa jina la bara. Fundi alizima kila kitu, akaiacha betri itulie, kisha akapima. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha 12.6 au zaidi kidogo, ikiwa 12.2 imebaki nusu. Yetu ilisoma 12.4, na sisi tukadhani imepona. Fundi akaiwasha friji: sindano ikashuka hadi 10.5 kwa dakika chache. "Hii imekufa, baba. Inajaa juu juu tu," akasema. Vibati vya ndani vilikwisha kushikwa na chumvi ngumu ya risasi, jambo linaloipata kila betri inayoachwa mara kwa mara bila kujazwa. Umri wake ulikuwa miaka minne. Ilikuwa imetumikia vya kutosha.

Madukani Kamere tuliona betri za kuwashia injini. Hizo hutoa nguvu nyingi kwa nukta chache, na zikikamuliwa usiku kucha huharibika upesi. Kinachofaa trela ni ile ambayo watu wa huku huiita betri ya sola, waliyo nayo majumbani. Hesabu yake ni nyepesi: friji yetu hula ampea 4 inapofanya kazi, na kwa siku hufanya kazi kama saa 8, yaani ampea-saa 32. Betri ya 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, basi bila jua inatosha siku moja na kitu. Tulipima kisanduku kwa utepe kabla ya kwenda mjini Naivasha kununua.

Kufungua kuna utaratibu. Kwanza waya wa paneli ya sola, kisha waya uliounganishwa na gari. Halafu upande wa hasi, na chanya mwisho, ili spana ikigusa chuma cha trela isilete cheche. Betri hutoa gesi inayowaka. Kufunga ni kinyume chake: chanya kwanza. Picha ya simu kabla ya kugusa waya wowote huokoa ugomvi mwingi baadaye. Anayetamani betri ya lithiamu, ambayo ni nyepesi, ahakikishe kwanza kwamba chaja yake inaikubali.

Iliyobaki ni ile kuukuu, na hapa sisi watu wa Mombasa hatuna haja ya kuhadithiwa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi Owino Uhuru tangu 2007 hadi 2014, na risasi yake ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano, alitunukiwa tuzo ya Goldman mwaka 2015; mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo Desemba 2024 baada ya kutenguliwa na Mahakama ya Rufaa. Kwa hiyo betri isiachwe kambini wala isiuzwe kwa mpita njia wa vyuma chakavu, ambaye huenda akamwaga asidi mtaroni. Yetu ilisafiri wima ndani ya beseni hadi kwa muuzaji mjini. Tulimwuliza anazipeleka wapi, akatuonyesha stakabadhi za mnunuzi wake, kisha akapunguza bei ya ile mpya.