Kisangani: Ekra ya ordinatere ikianza kucheza, usikimbilie kununua ingine

Katika masekretaria ya Makiso na karibu na Chuo Kikuu cha Kisangani, ordinatere nyingi ni za zamani, zilifika tayari zimetumika. Umeme wa SNEL unakatika, unarudi kwa nguvu, na ekra inaanza kucheza: mistari, rangi ya pinki, ao giza tupu. Mwenye masini anasema ekra imekufa. Mara nyingi haijakufa.

Kama bado munaona kidogo, kwanza mukopie TFC na barua za wateja kwenye fulashi. Ekra inanunuliwa, lakini kazi ya miezi sita hapana.

Kisha muzime na muangalie waya wa VGA, ule wenye kichwa cha buluu na vidole 15. Nyekundu, kijani na buluu, kila moja inapita kwenye kidole chake. Buluu ikikosa, nyeupe inageuka manjano. Kijani ikikosa, inakuwa pinki. Kidole kimepinda ao waya umelegea, basi.

Waya ukiwa muzima, muwashe tena na muangalie alama ya kampuni mbele Windows haijaingia. Mistari ikiwa tayari iko pale, Windows haina kosa. Lakini mafundi wengine wanaanza na kuiweka upya, na mwenye masini analipa bure. Mistari ikianza kiisha Windows kuingia, hapo programu ya karata ya video ndiyo ya kushuku.

Muazime ekra ya jirani, hata kwa ordinatere ya mukononi. Picha ikitoka safi kule, ubaya uko kwenye ekra yenu ao waya wake. Ikiharibika pande zote mbili, ni karata ya video ao bareti ya memwari. Bareti, hewa ya hapa yenye maji na vumbi vinaichafua: mutoe umeme, muichomoe, musugue meno yake ya dhahabu na gome ya mwanafunzi.

Ekra ikiwa nyeusi, muimulike na torshi. Mukiona herufi kwa mbali, taa ya nyuma ndiyo imekufa, picha iko.

Zile za zamani zenye tumbo kubwa, hapana kufungua. Ndani zinabakia na maelfu ya volti hata zikitolewa umeme, na zinaua.

Umeme ukikatika, mutoe prizi. Ukirudi, mungojee dakika chache mbele ya kuwasha.