Nani Kachukua Juzuu ya Saba?

Mzee akifa Unguja usiku, alfajiri Waswahili wa Uingereza wamekwisha kujua. Simu huanza kulia kabla ya swala, na jua halijatoka mtu mmoja, aghalabu mama wa makamo anayejua kila nyumba na ukoo wake, ameshatuma orodha yenye namba 1 hadi 30. Ni juzuu za Qur'ani. Mwenye nafasi anaandika jina lake mbele ya namba na kuituma tena, na wa baada yake naye anaandika lake. Hadi adhuhuri zimebaki tatu au nne, hapo ndipo utakapoisikia sauti ya yule mama: "Jamani, juzuu ya saba nani kachukua? Dua ni kesho kutwa, msije mkaniachia mimi zote." Ikifika siku ya dua mmoja anasoma na waliobaki wanaitikia amina, kila mtu na simu yake mkononi.

Kwetu khitma hii husomwa msikitini au barazani kwa wafiwa. Sanduku hufunguliwa, juzuu zikagawiwa, wazee wakakaa kwa safu, na aliyemaliza mapema akampokea mwenye macho mabovu kurasa zilizobaki. Baada ya dua huletwa kahawa na halua, au wali, watu wakala na kutawanyika. Huku aliyechukua juzuu ya nne ni muuguzi, anaisoma ndani ya treni akirudi kazi ya usiku. Ya kumi na tisa iko kwa dereva wa basi mwenye nusu saa ya mapumziko. Juzuu ya Amma hupewa mtoto kwa kuwa ndiyo aliyoihifadhi, na mama yake huliandika jina la mtoto kwa fahari. Zikipita siku tatu, msahafu mzima umesomwa na watu wa London, Milton Keynes, Northampton na Leicester, na wengine wako Muscat, na wengi wao hawakuwahi kumwona marehemu. Wamesoma kwa sababu mtoto wake yuko huku na ni mwenzao. Mimi nikizihesabu neema za kuishi mbali na kwetu, naanzia hapo.

Tumefika huku kwa njia nyingi. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi ziliondoka Zanzibar, na Sultani Jamshid bin Abdulla mwenyewe akaishia mji wa Portsmouth, akakaa huko zaidi ya nusu karne hadi alipohamia Oman mwaka 2020. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 wakaja Wabarawa na Wabajuni, ndugu zetu wa lugha na wa Maulidi. Baada ya mauaji ya waandamanaji Zanzibar, Januari 2001, Wapemba zaidi ya elfu mbili walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, na miaka hiyohiyo wapo Wazanzibari waliokuja kuomba hifadhi Ulaya. Wengine walikuja kusoma, wengine kuolewa, wengine kuuguza wagonjwa wa watu. Katika ukumbi mmoja utamkuta aliyekimbia na roho yake amekaa bega kwa bega na aliyeletwa na chuo kikuu, wote wanaitikia qasida moja. Nyumbani huenda wasingeingiliana hata kidogo. Siasa na mitaa ingewatenga.

Penye mazishi ndipo utakapouona umoja huu wa huku waziwazi. Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Uingereza ni lazima daktari athibitishe sababu ya kifo, kifo kiandikishwe, na ofisi ya makaburi itoe nafasi na saa ya kuzika. Sababu isipoeleweka, shauri huenda kwa afisa anayechunguza vifo, na maiti inaweza kukaa siku kadhaa katika baridi ya hospitali huku wafiwa wakihesabu saa. Siku hizo mfiwa haachwi peke yake. Kila mji una wanawake wanaojulikana kwa majina kuwa ni wajuzi wa kuosha maiti. Namjua mmoja anayefanya kazi ya usafi katika skuli ya msingi. Ndani ya kabati lake, chini ya mashuka ya wageni, mna mkoba wenye sanda iliyokatwa tayari, pamba, kafuri, na majani makavu ya mkunazi aliyoletewa kutoka Pemba yakiwa yamesagwa unga. Hapokei malipo. Akipigiwa simu anaomba ruhusa kazini, anatia udhu, anaondoka.

Gharama nayo si ndogo: kaburi, gari na ofisi hufika maelfu ya pauni, na familia changa haina fedha hizo. Daftari la mchango hufunguliwa siku ileile. Kaburi huwa limeshachimbwa kwa mashine ya manispaa, lakini kufukia ni kazi yetu. Wanaume hushika koleo kwa zamu, mvua ikinyesha wasiondoke, udongo wa huku mzito ukiganda kwenye viatu vya kazini, mpaka tuta likae sawa kama linavyokaa kwenye makaburi ya Mwanakwerekwe, Unguja. Nimeona vijana waliozaliwa London, Kiswahili chao cha kubahatisha, wakigombea koleo lile. Mzazi aliyewaona watoto hao ana haki ya kushukuru.

Ramadhani ndio mwezi unaotukusanya zaidi, na ndio unaotupima. Unguja saumu ni ileile mwaka hadi mwaka, saa kumi na tatu na kitu. Uingereza hubadilika pamoja na majira. Juni ya mwaka 2016 London tulifuturu saa tatu zimepita usiku, na kufikia saa tisa usiku daku limekwisha, saumu ya saa kumi na nane na zaidi. Baina ya futari na daku kulikuwa na isha, tarawehe na usingizi kidogo, kisha mtu akaamkia kazini. Wazee wetu wenye sukari walipata taabu kweli kuambiwa na daktari wasifunge. Kuna mama alilia kwa hilo kuliko alivyolilia ugonjwa wenyewe. Mwanawe akamkalisha chini, akamweleza habari ya fidia, kumlisha maskini kwa kila siku moja, na sasa fedha hizo huzipeleka Makunduchi kila mwaka na watu wa huko humwombea kwa jina lake.

Jikoni ndiko tunakoshinda. Muhogo huja umegandishwa kutoka duka la Wanigeria, ndizi mbichi kwa Wahindi, tui ni la kopo, na mpishi hodari atakuonyesha kopo lipi zuri na lipi ni maji matupu. Mkate wa kumimina nyumbani huokwa kwa makaa juu na chini. Huku mchele hurowekwa tangu usiku, ukasagwa kwenye blenda pamoja na tui na hiliki, ukatiwa hamira na kuachwa karibu na hita ya ukutani, kwa kuwa jiko lenyewe ni baridi na hauumuki. Ukishajaa ukapiga matundu, humiminwa kwenye sufuria ya moto, ukashika chini juu ya gesi, kisha sufuria huingizwa ndani ya oveni chini ya moto wa juu mpaka mgongo ugeuke rangi. Binti anayeujua mkate huu akiwa na miaka kumi na tano amepewa urithi, na urithi huo kapewa na bibi yake kwa video, akiwa ameiegemeza simu kwenye mkebe wa sukari.

Futari haikai nyumba moja. Desturi ya kupelekeana sahani tumekuja nayo, na ile ya kutoirudisha sahani tupu imewaingia hata majirani wasiofunga. Jirani yangu mmoja, mwanamke mzee wa Kiingereza anayeishi peke yake, hupelekewa sambusa na kaimati kila Ijumaa ya Ramadhani, na sahani hurudi na keki aliyoioka mwenyewe. Mwaka huu aliuliza mwezi utaanza lini ili aweke siku akiba. Haya nayahesabu katika neema za dini, kwani haki ya jirani tulifundishwa chuoni tungali wadogo, na hatukuambiwa jirani awe wa kabila gani.

Kwenye mwezi kuandama huwa natamani tungekuwa na subira zaidi. Wapo wanaofuata Saudia, wapo wanaongoja mwezi uonekane karibu nao, na Zanzibar yenyewe husali Idi mara mbili miaka mingine. Kila upande una wanazuoni wake, siwezi kuwahukumu. Lakini familia moja isile Idi siku mbili. Idi huku si sikukuu ya taifa, skuli huwaruhusu siku moja kwa barua ya mzazi, na siku hiyo ikigawanyika mtoto hatoona kanzu za babu na ami zake zimesimama safu moja. Wakubwa wa ukoo wakae mapema, wakubaliane, wengine wanyamaze.

Ukoo wenyewe huku umebidi uumbwe. Kwetu mtoto huzaliwa akawakuta shangazi, mjomba, ami na mama wadogo, hakuna aliyewatafuta. Uingereza mwanamke hujifungua, na asubuhi yake hana wa kumkanda maji ya moto. Basi huja mwanamke wa Mombasa aliyejuana naye kwenye Maulidi, na kapu la mchuzi wa pilipili manga, akamkanda, akamfunga tumbo kwa kanga, akarudi kesho na kesho kutwa hadi arubaini ikakaribia. Mtoto yule akikua humwita shangazi, naye huwa shangazi kwa haki zote. Humkemea, humpa mkono wa Idi, na siku ya harusi hukaa mbele. Sijaona mahali ambapo Mmombasa, Mvumba, Mngazija na Mpemba wamekuwa ndugu haraka kuliko kwenye vyumba vya ghorofa vya Uingereza. Hata upatu wa akina mama, unaochezwa kila mwezi bila karatasi wala riba, umesimama juu ya undugu huo, na kwa fedha hizo watu wamelipia Umra na wamezika wazazi.

Tusijidanganye kuwa kila kitu ni neema. Kuna waliokosa mazishi ya mama kwa sababu karatasi zao za ukaazi hazijatoka, wakayasikiliza kwa simu, wakasikia mpaka sauti ya watu wakilaza mbao za kaburi. Kuna mabibi ambao wajukuu wao huwajibu kwa Kiingereza, mabibi wakacheka na simu ikikatwa wakanyamaza. Machungu haya yapo na hayafutwi na halua ya Maulidi. Qur'ani imetufundisha kwamba neema za Mungu hatuwezi kuzimaliza kwa kuhesabu. Haikutuambia tusilie. Nimewaona walioyakosa mazishi wakiwa ndio wa kwanza kuchukua juzuu katika khitma za wazazi wa wenzao, na sidhani kama kuna shukrani iliyo kubwa zaidi ya hiyo.

Ya lugha yanatibika. Siku hizi watoto wengi wa huku husomeshwa Qur'ani na maalimu walioko Unguja, Lamu au Mombasa, kwa intaneti. Majira ya baridi saa kumi na moja jioni ya London ni saa mbili usiku ya kwetu, maalimu keshasali isha, mtoto karudi skuli na kunywa chai. Anayesoma kwa maalimu wa kwetu hupata alifu na Kiswahili kwa pamoja, maana anakosolewa kwa Kiswahili, anasifiwa kwa Kiswahili, na hawezi kufungua darasa bila shikamoo. Wazazi wanaochagua darasa la Kiingereza kwa kuwa ni jepesi kwa mtoto wanampunguzia kitu ambacho hawatakuja kumnunulia baadaye.

Na liko jambo la kujiandaa nalo. Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka kwa siku kumi au kumi na moja, na mwaka 2030 itatufikia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. London saumu za majira hayo ni fupi, na magharibi ya mwishoni mwa Desemba huingia karibu na saa kumi jioni. Wenye watoto wa miaka mitatu minne leo, hiyo ndiyo Ramadhani ya kuwaanzishia saumu, hata ikiwa ya nusu siku kama tulivyoanzishwa sisi. Na mwenye mama au shangazi mzima kule nyumbani, aanze sasa kuweka nauli na kuandaa viza, aje awe naye jikoni mwezi huo. Kushukuru kwa mdomo hakumleti bibi, tiketi ndiyo inayomleta.