Hati za Mlazo katika Matini za Kinubi cha Makina: Umbizo la Mkono na Mtindo wa Herufi

Mtafiti anayenakili masimulizi ya wazee wa Makina, mojawapo ya vijiji vya Wanubi katika Kibera, Nairobi, hukabiliwa na tatizo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mpiga chapa tu. Masimulizi hayo huchanganya Kiswahili na Kinubi, krioli iliyotokana na Kiarabu cha askari wa Sudani katika karne ya 19, ambayo Bernd Heine aliieleza katika kitabu chake cha 1982. Kwa desturi, maneno ya Kinubi hupigwa kwa hati za mlazo. Lakini hati hizo hizo hutumika pia kwa majina ya vitabu na kwa maneno yanayotiliwa mkazo. Alama ni moja, dhima ni tatu.

Uzito wa jambo hili unadhihirika katika maneno yanayoendelezwa sawa. Katika Kinubi, "moyo" ni maji na "jua" ni nyumba. Programu ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili haitayashuku, kwa kuwa ni maneno halali ya Kiswahili. Kwa kompyuta, moyo ni moyo. Kinachoyatenganisha ni ule mlazo peke yake, nao ukifutika faili linapohamishwa kutoka programu moja hadi nyingine, maji hugeuka kuwa kiungo cha mwili.

Mlazo unaotiwa kwa kubonyeza kitufe, neno baada ya neno, ni umbizo la mkono: huonyesha sura ya neno bila kusema neno hilo ni nini. Mtindo wa herufi, kinyume chake, ni jina linalofungamanishwa na neno, na sura hufuata jina. Jina hilo likibadilishiwa sura mara moja, maneno yote yanayolibeba hubadilika pamoja.

Kuhamisha mswada kutoka hali ya kwanza hadi ya pili kunahitaji utaratibu. Kwanza, iundwe mitindo mitatu yenye majina ya dhima, kwa mfano "Neno la Kinubi", "Jina la kitabu" na "Mkazo", na kila mmoja upewe rangi yake kwa muda. Katika mtindo wa Kinubi, sehemu ya lugha iwekwe kuwa "hakuna", ili kisahihishi cha Kiswahili kisiyaguse maneno hayo. Pili, mlazo wote utafutwe kwa umbizo lake, si kwa tahajia, na kila neno lipewe mtindo unaolistahili. Neno lolote la mlazo litakalobaki bila rangi litakuwa bado halijaainishwa. Tatu, baada ya hapo tu, umbizo la mkono liondolewe katika maneno hayo, kwa sababu likibaki litaendelea kuutawala mtindo. Anayeanza na hatua hii ya mwisho hupoteza kila kitu.

Hatua ya pili haiwezi kuachiwa mashine. Neno ambalo Kiswahili na Kinubi vyote vimelichota katika Kiarabu ni la lugha ipi katika kinywa cha msimulizi wa Makina? Hapo mtafiti hulazimika kusikiliza tena kanda, kuyachunguza matamshi na kuamua. Vilevile, neno la Kinubi lililosahauliwa kulazwa halitapatikana kwa kutafuta mlazo, bali kwa kusoma mswada mzima.

Faida yake ni kwamba maneno yaliyopewa jina yanaweza kukusanywa yote kwa pamoja, yakawa msingi wa kamusi. Mlazo mtupu hauwezi kutoa orodha hiyo bila kuyachanganya na majina ya vitabu. Kwa hiyo, kuainisha maneno kwa mitindo ni sehemu ya uchanganuzi wa lugha yenyewe, na inafaa kufanywa na yule anayeijua matini, kabla mswada haujamfikia mpiga chapa.